Mgomo wa Mama Tanuri

Shemeji yake alipoleta ile habari, Mama Tanuri alikuwa amezamisha mikono yote miwili kwenye donge la unga. Mtu mwenye akili angesubiri kwanza aitoe. Shemeji hakusubiri. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akaropoka haraka haraka kama anayemeza dawa chungu: baraza la wazee wa kanisa limekaa, limekubaliana, Jumapili hii Geti, yule mlinzi wa zamani wa kiwanda, atashiriki Meza ya Bwana pamoja na wengine.

Donge likaruka. Halikumpata, maana mama wa watu alikuwa na hasira lakini shabaha hana. Likanata ukutani juu ya rafu ya masufuria, likakaa hapo.

"Nani amekubali?"

"Baraza, shemeji."

"Baraza silo jina la mtu. Nakuuliza, nani alinyoosha mkono?"

Shemeji akaigeuza ile kofia, akaigeuza tena. Akaanza kuwataja mmoja mmoja, sauti ikizidi kudidimia, na mwisho kabisa akasema, "Na mimi pia."

"Na wewe! Wewe uliyetoka tumbo moja na mume wangu! Wewe uliyembeba mgongoni kutoka pale getini damu ikikuchuruzika shingoni! Mkono ulionyoosha ndio upi, niutazame?"

"Shemeji, yule mtu ametubu."

"Atubu akatubie huko alikotoka!" Mama Tanuri akaifuta mikono kwenye kanga yake. "Sasa nisikilize vizuri, ukawaambie na wenzako. Mwambieni huyo Geti wenu awaokee mkate yeye. Mimi mkate wa Meza siuoki. Nimegoma."

Katika mtaa ule, neno hilo halikuwa la mzaha. Wote walikuwa watu wa kiwanda cha nguo. Walizaliwa chini ya king'ora chake, wakalishwa nacho, wakakohozwa nacho. Mume wa Mama Tanuri alikuwa fundi wa mashine za kusokota nyuzi, mtu wa maneno mengi, mcheshi, asiyeweza kukupita bila kukutania kuhusu viatu vyako. Vumbi la pamba lilipozidi vifuani mwa watu, wafanyakazi waliomba feni za kulitoa. Feni tu, jamani! Hawakuomba mbingu na nchi. Walipigwa danadana, leo kesho, mpaka wakachoka wakagoma. Kampuni, badala ya feni, ikaleta walinzi kwa malori, watu wa mbali wasiojuana na mtu yeyote pale, ikawapa marungu. Wafanyakazi walipofika asubuhi na mikono mitupu, geti likafunguliwa kwa ndani, wakatoka wale, likafungwa tena nyuma yao.

Mume wa Mama Tanuri aliinua mikono juu. Watu walimwona. Alipigwa kichwani hivyo hivyo, mikono ikiwa juu.

Angekufa siku ile, labda hasira ingekuwa na mwisho wake. Hakufa. Alirudi nyumbani, akaanza kuanguka kifafa. Akaanza kusahau. Ukimpa kijiko anakiangalia, anakuuliza hiki ni cha nini. Yule mtani wa mtaa mzima akawa analishwa, anafutwa mdomo, anamwita mke wake mama. Kampuni ikasema hakuumia kazini, kwa kuwa siku hiyo hakuwa kazini, alikuwa kwenye mgomo. Ndipo mke wake alipochukua pipa la chuma, akalilaza, akalijengea matofali pembeni na udongo juu, akaanza kuoka mikate ya kuuza huku akimsikiliza mgonjwa chumba cha pili. Mtaa ukampa jina la Mama Tanuri. Wengine walidhani ni jina la sifa. Yeye kila alipoitwa alikumbuka rungu.

Mume alikufa akiwa bado anamwita mama. Hakuna aliyeshtakiwa. Hakuna aliyejua ni mlinzi gani aliyempiga, maana walikuwa wengi, na sare zao moja.

Kiwanda nacho baadaye kikafa. Mwenye mali akaondoka na mashine zake, walinzi wakaachwa solemba kama wafanyakazi wenyewe. Wakatawanyika wote, isipokuwa mmoja. Huyo alibaki kwenye kile kibanda cha getini, akilinda uwanja wenye majani na paka, akibeba mizigo ya watu sokoni ili apate kula. Lafudhi yake ilimtoa nje ya kila mazungumzo. Watoto walimwita Geti, na wakubwa wakafuata, kwa sababu hakuna aliyetaka kumuuliza jina.

Halafu eti akaanza kuja kanisani! Si kuingia, kusimama nje dirishani, Jumapili baada ya Jumapili, jua likimchoma. Watu wa ndani walijifanya hawamwoni. Mpaka siku moja, wakati wa ushuhuda, akaingia, akasimama katikati ya njia, mikono imening'inia, akasema kwa ile lafudhi yake: "Nilikuwepo siku ile getini. Nilipiga. Watu niliowapiga siwajui, sikuwatazama nyuso. Nilisali nisiwe nimeua, lakini sijui." Mama mmoja akaitikia haleluya kwa mazoea, akaziba mdomo kwa kiganja. Mama Tanuri akainuka, akachukua Biblia yake, akatoka nje. Alitembea hadi nyumbani bila kuona njia.

Sasa, ili uielewe hasira yake yote, lazima uijue desturi ya kanisa lile. Pale mtu hajichukulii mkate wa Bwana kwa mkono wake mwenyewe, wala mchungaji hapiti akiwalisha watu. Mkate ni mmoja. Mchungaji anammegea wa kwanza, huyo anaushika mkate, anammegea wa jirani, anamwambia, "Hiki ni kwa ajili yako," jirani anaitika amina, anakula, anaupokea mkate, anammegea anayefuata. Hivyo hivyo, benchi kwa benchi, hadi mlangoni. Waanzilishi wa kanisa walikuwa wagomvi, ndiyo maana wakawekewa hiyo dawa. Matokeo yake ni kwamba Jumapili ya Meza watu huwahi mapema kuliko siku zote, si kwa utakatifu, bali kuchagua benchi. Mwenye kesi na wifi yake anakaa kushoto, wifi kulia. Wanaodaiana maneno wanapishana kama magari. Mkate wenyewe, mkubwa wa mviringo, alikuwa akiuoka Mama Tanuri, tangu alipojenga tanuri lile. Hakumruhusu mtu mwingine. Ndicho kitu pekee alichokioka bila kukumbuka rungu.

Na sasa huo ndio waliotaka kumlisha Geti.

Mchungaji alikuja mwenyewe mchana wa siku ya pili, akapiga hodi.

"Kama umekuja kuniombea," Mama Tanuri akajibu toka ndani, "omba ukiwa hapo hapo nje."

Akaingia hata hivyo, akaketi juu ya kreti la mikate. Alikuwa mtu mpole mwenye shingo ndefu. Ndiye aliyemzika mumewe, na kaburini alilia kuliko ndugu wenyewe.

"Sijaja kukulazimisha, Mama."

"Vizuri, maana hungeweza."

"Nimekuja tuelewane."

"Haya, nieleweshe. Taratibu, maana kichwa changu kizito. Mtu anashuka kwenye lori, anapasua kichwa cha mume wangu, mimi namlisha mume wangu uji kama mtoto mpaka namzika. Halafu mtu huyo huyo anakaa mezani, namwokea. Nimekosea wapi hapo?"

"Haijulikani kama ni yeye aliyempiga, Mama."

"Haijulikani kama siye!"

"Hajaomba tusahau. Ameomba kuingia tu. Na neema, Mama..."

"Usinitajie hilo neno nikiwa na koleo mkononi!" Na kweli alikuwa nalo, lenye makaa. Akalirudisha tanurini kwa kishindo. "Neema! Mume wangu aliinua mikono pale getini akaomba neema. Akapewa rungu. Leo aliyeshika rungu anainua mikono, anapewa mkate. Mungu gani anagawa hivi? Hata mimi muuza mikate sigawi ovyo hivi!"

Mchungaji akasema, "Sijui, Mama. Ingekuwa ni mimi nagawa, nisingegawa hivyo."

"Basi mwambie!"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Tangu nianze kazi yake hajawahi kuniomba ushauri."

Kicheko kilitaka kumponyoka Mama Tanuri, na hilo likamwongezea hasira maradufu. Kumchekesha mtu aliyekasirika ni kumwibia. Akamfungulia mchungaji mlango, ingawa ulikuwa wazi tayari.

"Lakini utakuja?" mchungaji akauliza akiwa nje.

"Nitakuja. Nataka nione mtakula nini."

Jumamosi alioka mikate ya dukani kama kawaida, kwa kuwa aligombana na kanisa, hakugombana na wateja. Mikate mirefu ya kuokwa ndani ya kopo, kila mmoja kauchanja juu mara mbili kwa kisu, ile alama yake inayojulikana mtaa mzima. Mchukuzi wa duka la kona akaja, akapakia, akaondoka. Ule mkubwa wa mviringo hakuuoka. Usiku akalala fofofo kama aliyeshinda kesi.

Jumapili alichelewa kwa makusudi. Alivaa gauni lake zuri la bluu, akafunga kilemba, akatembea pole pole, akisikia nyimbo toka mbali, akipiga hesabu aingie wakati ule ule mchungaji anaposimama mbele ya meza tupu na kukuna kichwa. Alitaka awaone wakihaha. Alitaka Geti apelekwe mezani akute hakuna kitu, kama mume wake alivyokwenda kuomba feni akakuta marungu. Aone inavyokuwa!

Kwa hasira zake akasahau jambo moja ambalo hata mtoto wa kanisa lile halisahau: Jumapili ya Meza, anayechelewa hachagui benchi.

Kanisa lilikuwa limejaa. Palibaki nafasi sehemu moja tu, benchi la nyuma, mlangoni, na hakuna haja ya kusema kwa nini palibaki. Ukutani alikaa Shemeji, kwa kuwa baraza lilimpa kazi ya kumkaribisha mgeni. Kando yake Geti, katika shati lililopigwa pasi hadi likang'aa, magoti pamoja, akitazama sakafu. Halafu nafasi. Mwimbishaji akakosea ubeti. Mama Tanuri alitaka kugeuka arudi, lakini kila shingo ilikuwa imekwisha kumgeukia, na akajiambia mimi nitoke? Kanisa nililolifagia, nitoke kwa ajili ya huyu? Akaketi, akajibana kwenye ukingo wa benchi, nusu ya kalio hewani.

Mchungaji akakifunua kitambaa cha mezani.

Mkate ulikuwepo.

Haukuwa wa mviringo. Ulikuwa mrefu, wa kopo, umechanjwa mara mbili juu.

Jamani! Macho yalimtoka. Mtaa mzima ule una mwoka mikate mmoja, na kila duka linauza wa kwake. Wangeupata wapi mwingine? Yeye mwenyewe alikuwa kama aliyefunga mlango na kuacha dirisha wazi. Pale mbele Mungu, kwa mikono ya mchungaji, alikuwa ameuinua mkate wa Mama Tanuri kuwalisha watu ambao Mama Tanuri hakutaka wale. Damu ikamchemka hadi masikioni. Kugoma ni kugoma, na kila mtu wa kiwanda anajua anaitwaje yule anayevunja mgomo wa mwenzake! Akaifunga ngumi, akaukaza mdomo, na maneno aliyomwambia Mungu kimoyomoyo hayaandikiki.

Mkate ukaanza safari. Wa kwanza akammegea wa pili. Hiki ni kwa ajili yako, amina. Hiki ni kwa ajili yako, amina. Sauti zikawa zinasogea nyuma, benchi baada ya benchi, na mkate ukizidi kupungua. Moyo wa Mama Tanuri ukaanza kupiga vingine. Kwa mara ya kwanza akaona alipokaa. Shemeji, kisha Geti, kisha yeye. Hakuna aliyebaki baada yake isipokuwa mlango. Mkate wa Bwana, mwezi huu, ungemfikia kwa mkono mmoja tu, ule ule.

Sitakula, akajiambia. Nitaketi kama jiwe.

Shemeji akaitika amina, akala, akaupokea mkate. Halafu kukawa na kimya kifupi cha ajabu. Mama Tanuri hakugeuka, akaona kwa pembe ya jicho mkate ukipita kutoka mikono ile kwenda mikono hii. Sasa ulikuwa na Geti.

Akangoja yale maneno. Alikuwa ameyaandalia jibu, jibu kali la kumpasha mbele ya kanisa zima.

Maneno hayakuja.

Akageuka. Geti alikuwa ameukumbatia ule mkate uliobaki, jasho limemtoka paji lote la uso. Vidole vikubwa vya mbeba mizigo vilikuwa juu ya ganda, havimegi.

"Siwezi, Mama," akanong'ona. "Mkono huu, kwako wewe, siwezi. Nitaurudisha mezani."

Na kweli akainuka nusu, aupeleke. Hapo ndipo yule mama, aliyekula kiapo kwamba hatakula, alipopandwa na mori ambao hajawahi kupandwa nao tangu azaliwe.

"Keti!"

Kanisa zima likaketi, hata waliokuwa wameketi.

"Unaupeleka wapi? Ulinifungia geti mara moja. Mume wangu alibaki nje na mimi nikabaki nje naye, miaka yote ile. Leo unataka kunifungia na hili? Nipe mkate wangu!"

"Mama, mimi..."

"Sikuombi uwe mtu mzuri! Nakwambia umege!"

Akamega. Kipande kidogo, kilichovunjika vunjika, chembe zikidondoka kwenye gauni la bluu. "Hiki," akasema, akakwama, akaanza upya, "hiki ni kwa ajili yako."

Mama Tanuri alikichukua kutoka kwenye kile kiganja, akakitia mdomoni, akakitafuna huku machozi ya ghadhabu yakimtiririka, akameza. Amina hakusema. Akanyoosha mikono kupokea mkate uliobaki, aupeleke mbele kama inavyompasa wa mwisho, na hapo akamtazama Geti usoni kwa mara ya kwanza. Midomo yake ilikuwa mikavu. Hakukuwa na hata chembe.

"Na wewe," akamuuliza, "nani amekupa?"

Geti akatazama chini. "Ulinifikia tu, Mama. Si neno."

Mama Tanuri akamtazama Shemeji. Shemeji alikuwa anachunguza kucha zake.

"Shemeji."

"Maneno yaliniishia, shemeji," akasema Shemeji, na sauti yake ilivunjika. "Nilifika kwenye kusema, nikamkumbuka ndugu yangu. Nikampitishia tu."

"Kwenye baraza ulinyoosha mkono!"

"Kule ilikuwa rahisi."

"Bure kabisa!" Mama Tanuri akafoka, na akageuza macho kwenye mabenchi yaliyomkodolea. "Na ninyi nyote bure! Mmemkubali kwa kikao, mkamkimbia benchini kama mwenye upele. Mlitaka nani amlishe? Malaika?"

Mchungaji mbele alikuwa amesimama, mikono kifuani, na hakufungua mdomo. Kwa hilo apewe sifa zake.

Mama Tanuri akaushika mkate. Aliufahamu uzito wake, ganda lake, alama yake ya kisu. Alikuwa ameukanda kwa mikono yake siku iliyopita akiwa na furaha mbaya moyoni. Akamega kipande kikubwa kuliko desturi, kikubwa cha kumshibisha mtu mwenye njaa, akamwekea Geti kwenye kiganja kwa nguvu, kama anayempiga.

"Sijakusamehe," akamwambia, na kila mtu alisikia. "Usije ukadanganyika. Labda sitakusamehe mpaka nife, hilo nitagombana nalo mwenyewe na Mungu. Mkate huu nimeukanda mimi, nimeuoka mimi, lakini kukunyima si kwangu. Hiki ni kwa ajili yako. Kula."

Geti alikuwa analia, hawezi kutafuna.

"Kula, bwana wewe! Watu wanasubiri."

Akala.